Una Pumzi Ngapi?

Hotuba niliyoitoa mbele ya wachezaji wa michezo ya mezani na wageni wao, Mji wa Kale, Mombasa. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi. Waliokwama feri wataingia kidogo kidogo, tusiwangoje. Kahawa iko pale nyuma, kashata ziko chini ya kitambaa, na mwenye viatu vile vya mlangoni avisogeze, watu wanapita.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mtu wa nje ataliona dogo mno kukusanyia watu Jumamosi jioni: ile namba iliyo pembeni mwa karatasi ya mhusika, inayopungua akipigwa na kupanda akigangwa. Nyinyi mliokuja kumsindikiza mtoto, nitawapa kwa ufupi. Huu ni mchezo wa kusimuliana hadithi mezani. Mmoja ni msimulizi, naye ameshika dunia nzima mkononi, majini na majambazi na bei ya mkate. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: mpiganaji, kuhani, mwizi. Panapotokea jambo lisilo na hakika, inarushwa dadu. Na kila mtu wa kubuni ana hesabu yake ya uhai, ikifika sifuri yuko chini. Mkishajua hilo mnaweza kunifuata hadi mwisho.

Nina karatasi hapa. Ipitisheni, lakini ishikeni kwa pembe. Ni ya mpiganaji wa binamu yangu, aliyemchezesha kwa miaka miwili. Jina lake limeandikwa kwa wino, upanga wake kwa wino, mji aliotoka kwa wino. Sasa tazameni juu, upande wa kulia. Pale pana tundu. Si panya, ni kifutio. Namba iliandikwa, ikafutwa, ikaandikwa, ikafutwa, hadi karatasi ikatoboka, tukabandika selotepu kwa nyuma, na selotepu nayo imeanza kuchubuka. Miaka miwili ya usiku wa Ijumaa imepitia tundu lile.

Tulipoanza hatukuwa na neno la kuliita. Likatujia mdomoni "damu". Una damu ngapi? Damu tisa. Niongeze damu. Lilikuwa jepesi, tukaenda nalo karibu mwaka mzima bila kulitilia shaka, mpaka usiku mmoja nyumbani kwa shangazi, Kibokoni.

Kikosi kilikuwa kimekutana na zimwi. Mnaijua methali ya zimwi likujualo. Huyu wetu hakuwa akimjua mtu. Mpiganaji wa binamu alikuwa daraja la tano, maana mhusika hupanda madaraja kadiri anavyochezwa, damu 44. Zimwi akainua rungu, dadu zikaanguka, 13. Akabaki na 31. Nami msimulizi, kwa kuwa neno letu lilikuwa damu, nikafanya kazi yangu: rungu lampasua bega, mfupa waonekana, damu yaruka ukutani. Binamu akasema, "Sawa. Zamu yangu. Nampiga."

Shangazi alikuwa akipita na sinia la mahamri. Akasimama.

"Bega si limepasuka? Yuwapiga kwa mkono gani?"

Tukatazamana.

"Na huyu hamumpeleki kwa mganga?"

"Hana haja, shangazi. Bado ana damu 31."

"Thelathini na moja nini? Lita?"

Binamu akajaribu kumweleza kwamba hata hivyo wakishalala usiku mmoja zitarudi zote 44. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Shangazi akaweka sinia chini. "Bega limepasuka mfupa waonekana, alale, asubuhi limeungana. Nipeni mimi jina la hicho kitanda, goti langu lanisumbua mwaka wa tatu."

Siku ile ile ndiyo aliyosikia pia kwamba mmoja wetu anacheza mchawi, na tangu hapo nyumbani kwake mhusika huyo anaitwa mwanachuoni. Lakini hilo la mchawi nimelisahau mara ngapi. La lita sikulisahau. Mama yule hajashika dadu maishani mwake, na kwa maswali mawili matatu akagusa ugomvi ambao wachezaji wa Marekani na Uingereza wanauendeleza tangu mchezo wenyewe ulipochapishwa.

Tuuchimbe ulikotoka, kwa sababu mimi nilipousoma nilicheka peke yangu.

Dungeons & Dragons, ndio mchezo wetu huu, ilitoka mwaka 1974. Wawili ndio waliounda: Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota. Kabla ya hapo watu hawa walikuwa wakicheza vita vya sanamu ndogo mezani. Gygax na Jeff Perren walikuwa wametoa kanuni zilizoitwa Chainmail mwaka 1971, na humo askari wa kawaida akipigwa sawasawa, anaondolewa. Hana namba. Na kwa nini awe nayo, wakati sanamu moja inasimama badala ya kundi zima la watu? Lakini Arneson alipowapa wenzake kila mtu sanamu moja, yenye jina, yenye tabia, iliyorudi wiki hadi wiki, mambo yakabadilika. Kuua kwa pigo moja hakukuwasumbua. Kuuawa kwa pigo moja ndiko kuliko­wasumbua. Arneson alieleza baadaye alikotoa dawa: katika kanuni zake za zamani za vita vya manowari za chuma, zile za enzi ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Huko kila chombo kilikuwa na hesabu ya mapigo kinayoyahimili kabla ya kuzama.

Yaani namba hii tunayogombania, na shangazi anaipimia lita, ilizaliwa kuwa ya meli.

Sasa mimi ni mtoto wa Bandari ya Kale. Marehemu mjomba, ndugu wa mama, alikuwa akitia vyombo kalafati. Nimekaa naye sana maji yakipwa, jahazi limelala ubavu kwenye matope, yeye amechutama chini ya ubao. Pamba ameisokota ikawa kama utambi mrefu, ameilowesha mafuta, anaishindilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Alikuwa hatazami sana, alikuwa akisikiliza. Mlio ukiwa mzito bado pamba haijakaa. Ukikauka, anasogea shibiri moja mbele. Nikamuuliza siku moja, kama watoto wanavyouliza, jahazi hili ni zima au ni bovu? Hakunielewa. Jahazi la mbao linaingiza maji siku zote, ndiyo maana kuna mtu wa kukumba. Akafikiri, akanijibu, "Lafika Lamu."

Jibu lile nimelielewa nikiwa mtu mzima, mezani, nikiwa na penseli mkononi. Hakunionyesha limeumia wapi. Aliniambia litafika wapi. Mpiganaji mwenye 31 kati ya 44 hana bega lililopasuka. Anafika Lamu. Mwenye 3 huenda hafiki Mtwapa.

Gygax mwenyewe alilisema hilo kwa maneno yake. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978, na tena kwa kirefu zaidi katika kitabu cha wasimulizi cha 1979, alieleza kwamba sehemu kubwa ya pointi za shujaa, yaani ile namba yetu, si nyama wala mifupa. Ni ustadi wake, ni bahati, ni ile hisia ya kuinamisha kichwa kabla hujajua kwa nini, ni ulinzi wa mungu wake wa kubuni. Upanga ambao ungemchoma mgeni moyoni, kwa mkongwe unakwaruza tu. Kudhani kwamba mtu akipanda daraja mwili wake unahimili mapanga kuliko farasi wanne, aliona ni upuuzi.

Basi kwa nini ugomvi haukuisha? Kwa sababu mchezo wenyewe unasema hivi na kutenda vile. Uganga wa kwanza wa kuhani, tangu zamani, jina lake ni kutibu majeraha. Kama upanga ulinikwaruza tu, unatibu majeraha gani? Na nyoka akikupunguzia pointi halafu ukaambiwa urushe dadu kuona kama sumu imekuingia, meno yake yalipita wapi ikiwa uliinamisha kichwa? Mimi sina jibu safi la hilo la sumu, na nawashuku wote wanaodai wanalo. Nyoka amekugusa, basi, tukubaliane hivyo tuendelee.

Lakini hili la kutibu na kukwepa, nadhani Kiswahili kilishalimaliza kabla Gygax hajazaliwa. Gari limepinduka Mtwapa, watu wanauliza, vipi fulani? Unajibu, "Amepona." Una maana gani? Labda alivunjika, akakaa wodini wiki tatu, sasa ametoka. Au labda hakuguswa hata unywele. Neno ni lile lile. Kuponea chupuchupu hakuna kidonda ndani yake, na bado ni kupona. Mwingereza ana neno la kunusurika na neno la kupata nafuu, ndiyo maana anagombana: hii namba ni ipi kati ya hizo mbili? Sisi tunalo moja, linabeba yote mawili, na hakuna mtu sokoni Kongowea anayechanganyikiwa nalo. Namba ile ni hesabu ya mara ngapi unaweza kupona.

Tukaanza kutafuta neno la kuiita. Mmoja akapendekeza "uzima". Zuri, lakini mtu mwenye uzima 3 anasikika kama mgonjwa. "Bahati" ilikataliwa na walio na dadu mbaya. Mwisho tukaangukia "pumzi", na sikumbuki nani alilisema, kila mtu anadai ni yeye. Sikilizeni linavyofanya kazi. Zimwi akipiga 13, sisemi tena bega limepasuka. Nasema, umeruka, rungu limevunja meza ulipokuwa umesimama, umeangukia kiuno, pumzi zimekukata. Thelathini na moja. Shangazi akipita hana la kuuliza. Na ukishapigana, unafanya nini ili pumzi zirudi? Unapumzika. Neno liko ndani ya neno, hatukulitia sisi.

Kupumzika kwenyewe ndiko nataka nikukalie, kwa sababu watu hutazama sana dadu za kupigia na kusahau kwamba kasi ya kurudi kwa pumzi ndiyo inayoamua hadithi itakuwa ya namna gani.

Kwa kanuni za 1979, ukipumzika siku nzima unarudishiwa pointi moja. Moja! Ukikaa wiki nne mfululizo, ndipo zinarudi zote hata ziwe ngapi. Hesabuni wenyewe. Mpiganaji aliyepoteza 25 ana karibu mwezi wa kulala. Kwa hiyo kuhani alikuwa ni lazima, na kwa kuwa ni lazima, alikuwa adhabu. Kila meza ilikuwa na mdogo wa mtu aliyelazimishwa kumcheza. Na katika zile kanuni za kwanza kabisa za 1974, kuhani wa daraja la kwanza hakuwa na uganga wowote. Anakwenda pangoni na nyinyi, amevaa alama yake ya dini, na mkianguka anawatazama.

Songeni mbele hadi 2014, toleo la tano. Saa nane za mapumziko na pointi zako zote zimerudi. Katikati ya siku kuna pumziko fupi la saa moja, unatumia dadu ulizowekewa akiba kujirudishia kiasi. Yaliyopita si ndwele, na mara hii si methali, ni kanuni imechapishwa. Nawaelewa waliofanya hivyo. Watu wana kazi, wana watoto, wamepata jioni moja kwa wiki mbili. Hawataki kuitumia kuhesabu siku za kulala. Na hakuna tena mdogo wa mtu anayelazimishwa.

Ila kuna kitu kinaondoka. Tazameni ngome ile pale nje. Waomani waliizingira Fort Jesus ya Wareno mwezi Machi 1696 na wakaingia Desemba 1698. Karibu miezi thelathini na mitatu. Kuta hazikupungua pointi hata moja. Waliokuwa ndani ndio waliopukutika kwa maradhi na njaa, wakaletewa watu na chakula kutoka Goa, wakapukutika tena. Vita vile vilikuwa ni hesabu ya nini kinaingia na nini kinatoka. Kama kila mtu ndani angeamka mzima kila asubuhi, pasingekuwa na la kusimulia.

Kitabu cha wasimulizi cha 2014 kina njia ya hiari kwa wenye kiu kama yangu: pumziko fupi liwe saa nane, na refu liwe siku saba. Tuliijaribu. Wiki tatu za kwanza nilitukanwa. Halafu kikawa kitu. Kwa kuwa walilazimika kukaa mjini siku saba, wakaanza kujua mji. Mwizi akakopa pesa kwa mwenye nyumba ya wageni. Mpiganaji wa binamu akaposa. Mwanachuoni akagombana na mwuza wino, na ugomvi ule ulikula jioni mbili nzima bila upanga kutolewa alani, na mpaka leo ndio wanaousimulia.

Sasa niingie kwenye kosa kubwa la hii namba, na silifichi. Mnajua bandu bandu huisha gogo. Gogo la kweli ukilibandua linazidi kuwa jembamba, unaliona linakwisha. Mpiganaji wetu hapungui. Mwenye 44 anapiga kwa nguvu zile zile, anakimbia kwa kasi ile ile, sawa na mwenye 1. Kisha ile 1 inaondoka naye anaanguka kama mnazi. Pumzi ya mwisho ndiyo peke yake yenye kazi. Zote nyingine ni umbali wa kuifikia.

Na wachezaji si wajinga. Wakishagundua hilo wanafanya hesabu. Naomba mnifuate, hii nitaifanya polepole.

Mpiganaji ana pumzi 8. Mbele yake zimwi, ambaye akipata, kwa wastani anatoa 13. Kuhani ana uganga mdogo wa haraka, anausema kwa mbali, kwa toleo la 2014 ni dadu moja ya pande nne na kuongeza uwezo wake, tuseme unatoa 5. Kuhani mwema anamganga sasa hivi. Nane na tano, 13. Zimwi anapiga 13. Mpiganaji yuko chini, uganga umekwisha. Rudisheni nyuma. Kuhani mwenye hesabu anakaa kimya. Zimwi anapiga 13. Nane zinamwangusha, na tano zilizobaki je? Haziandikwi popote, kwa sababu chini ya sifuri hamna namba. Ardhi imezila. Ndipo kuhani anasema uganga wake, na mpiganaji anasimama na pumzi 5, upanga mkononi. Uganga ule ule, rungu lile lile. Aliyeganga mapema mtu wake amelala, aliyengoja mtu wake amesimama.

Mkiona hivyo mnajua kwa nini mezani kwetu kulikuwa na mpiganaji tuliyemwita Boya. Anazama, anaibuka. Anazama, anaibuka. Katika pambano moja aliibuka mara nne. Na kuhani, ambaye ni binti mpole kuliko sote, alikuwa ameketi akila kashata na kumtazama rafiki yake anavyopigwa, anamngojea aanguke ili amsaidie. Nikamuuliza, huna huruma? Akasema, "Nina hesabu."

Kuna breki moja tu katika kanuni. Ziada ya pigo, baada ya kukufikisha sifuri, ikilingana na pumzi zako zote za kawaida au kuzidi, umekufa papo hapo, hakuna cha kungoja. Kwa mpiganaji wa 44 breki hiyo haishiki. Kwa mwanachuoni wa daraja la kwanza mwenye 7 inashika sana: zimwi akitoa 13 ameanguka, akitoa 14 mazishi. Pointi moja tu. Kanuni za 2024 ziliongeza dadu za uganga maradufu, ile ya haraka ikawa dadu mbili badala ya moja, na nadhani ilikuwa ni kujaribu kumfanya kuhani agange mapema. Yasaidia kidogo. Dawa kubwa bado ni ile ya zamani: zimwi aliyekufa anapiga sifuri, na mlango uliofungwa unazuia kuliko kuhani kumi.

Michezo mingine ililiona kosa hili ikalikimbia kila mmoja kwa njia yake. Traveller ya 1977 haina hesabu ya pembeni kabisa. Ukipigwa zinapungua nguvu zako zenyewe, wepesi wako, ustahimilivu wako, kwa hiyo gogo linakonda kweli. RuneQuest ya 1978 iliupa kila mkono na kila mguu pointi zake, na shangazi angeipenda sana, maana humo bega likipasuka ni bega. Call of Cthulhu ya 1981 ilikataa kumkuza mtu: uwe mgeni au mkongwe, una pointi kumi hivi, na kwa toleo lake la saba huduma ya kwanza inakurudishia moja. Moja, na uwahi ndani ya saa. Huo ni mchezo wa kuogopa na unaogopesha kweli.

Lakini kukonda nako kuna ugonjwa wake. Anayeumia anapiga vibaya, anayepiga vibaya anaumia zaidi, na baada ya pigo la kwanza mnajua nani atashinda, mmebaki kukamilisha tu. Nimekaa kwenye meza ya namna hiyo saa mbili nzima, nimeshindwa tangu dakika ya kumi. Kwa hiyo msiidharau ile 1 inayopiga kama 44. Ndiyo inayomfanya mtu aliyebaki peke yake asiinuke mezani.

Kuna jambo moja la toleo la nne la mchezo wetu, la 2008, ambalo watu walilizomea na mimi nalitetea hadharani. Lilileta kamanda anayeganga kwa sauti. Hana dua, hana dawa. Anamfokea mwenzake, na mwenzake anarudishiwa pointi. Wakasema, kidonda gani kinafungwa kwa kelele? Mkirudi kwenye damu, mko sawa, hakifungwi. Lakini mimi nimeona jahazi likipandishwa ufuoni. Watu ishirini wamelala juu ya kamba, mikono imekwisha, chombo kimekwama nusu kwenye maji nusu kwenye mchanga, kila mtu anajua haliwezekani. Mjomba akasimama juu ya tezi, akaita, "Harambee!" Wakajibu. Akaita tena. Na kwenye mikono ile ile iliyokwisha ikatoka nguvu ya kuvuta tena, na tena, na jahazi likaja. Hakuwatibu mtu. Aliwapa pumzi tano kila mmoja.

Mezani kwetu sasa tumetunga kanuni yetu ndogo kwa ajili ya Boya, nawapa mkiitaka. Kila ukianguka sifuri na kuinuliwa, unaandika ufa mmoja. Ufa haupunguzi pumzi wala haukukondeshi. Hauzibiki kwa uganga, wala kwa kulala njiani. Unazibwa kwa siku saba bandarini, mahali penye paa na mtu wa kukupikia. Ukiwa na nyufa tatu, basi ukianguka tena, zile dadu za kufa na kupona unazianza ukiwa umeshakosa moja.

Wageni, hizo dadu nazo niwaeleze. Aliye sifuri hafi hapo hapo. Kila zamu yake inapofika anarusha dadu ya pande 20. Kumi au zaidi amepata, chini ya kumi amekosa. Akipata tatu ametulia, amelala lakini hafi. Akikosa tatu, basi. Moja kavu ni makosa mawili kwa mkupuo. Ishirini kavu anafumbua macho na pumzi moja.

Boya wetu alifika hapo na nyufa tatu. Kosa moja alikuwa nalo tayari kwa kanuni yetu, akarusha, nne, makosa mawili. Kuhani hakuwa na uganga uliobaki, na alikuwa upande wa pili wa mto. Mtu anayemcheza Boya ni kijana wa miaka kumi na saba, hajawahi kukaa kimya. Akaishika dadu kiganjani, akaipasha moto kwa muda mrefu, kahawa ikapoa, paka akaja akakaa juu ya ramani na hakuna aliyemfukuza. Shangazi alikuwa mlangoni, amejiegemeza, kanga begani, hasemi. Kijana akarusha. Dadu ikagonga kikombe, ikazunguka, ikasimama.

"Ngapi?" akauliza shangazi.

Kumi na moja.

"Amepona?"

"Bado, shangazi. Yuwavuta pumzi tu."

Haya. Meza ya dirishani ina viti viwili vitupu na ile ya kona ina vitatu. Zimwi ninaye, nimeshampa pumzi zake 59. Karatasi hizi hapa, chukueni mpitishe. Jina andikeni kwa wino mkitaka. Ile ya juu kulia, penseli, na mwenye kifutio kizuri akae karibu na mimi.